Pakacha la Kumi na Tatu

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, sisemi zamani ya sungura na fisi, nasema zamani ya juzijuzi, redio zilipokuwa zinakula betri sita, palikuwa na kijiji kikiitwa Magandi, kando ya mto unaotenga nchi mbili. Na Magandi alikuwapo mwanamke aitwaye Sihaba binti Mwinjuma, mjane, na mwanamke huyo alikuwa haamini mtu. Akinunua chumvi, aliionja mbele ya muuzaji. Akipewa pole, alikwenda nyumbani akijiuliza pole ile ilikuwa ya nini. Marehemu mumewe alizoea kumtania kwamba siku ya Kiyama atataka kwanza auone muhuri wa malaika.

Basi anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sikatizwi.

Sihaba alikuwa na shamba alilorithi kwa babake, ekari nane na kisima katikati, na hati yake yenye jina la babake na lake. Alilima mihogo na kunde, na jioni alikaa kizingitini akaitazama mipaka yake pande zote nne, kuona kama kuna aliyesogeza jiwe.

Sasa watu wa Magandi walikuwa na mila. Asiye na ardhi huomba kwa mwenye nayo, akapewa alime, wala haandikishwi wala hadaiwi kodi. Linalomlazimu ni moja tu. Kila mwaka, mazao ya kwanza huyatia kwenye pakacha, akampelekea mwenye shamba, na hiyo huitwa salamu ya shamba. Anayeipeleka amekiri kwamba ardhi si yake. Anayeipokea akaila amekiri kwamba ardhi ni yake, na kwamba yule mwingine yumo kwa ridhaa yake, hawezi kumtoa kwa hasira za siku moja. Na anayeirudisha amesema mbele ya watu kwamba hana neno tena na shamba lile. Mtoto wa Magandi anaijua mila hii kabla hajajua kuosha uso. Ishikeni vizuri, kwa sababu ndiyo iliyowaponza.

Siku moja likaja gari la serikali. Akashuka Bwana Shauri, mtu mrefu mwenye tabasamu lisilofika machoni, akasoma karatasi. Kila ambaye babu yake alitoka ng'ambo ya mto ni mgeni. Wageni wana siku saba. Ardhi yao, nyumba zao na visima vyao ni mali ya serikali tangu leo. Babu yake Sihaba alikuwa amevuka mto akiwa na umri wa miaka minne, mgongoni mwa mamake. Basi hapo Sihaba akawa mgeni shambani kwake.

Watu wakaanza kufunga mizigo. Njiani, ikasemwa, askari wanapekua, na wakikuta hati wanaichana mbele ya mwenyewe. Sihaba akakaa na hati yake siku sita, haamini njia, haamini dari, haamini shimo. Siku ya saba akaenda kwa jirani yake Chande. Chande alikuwa mfuga nyuki, rafiki wa marehemu mumewe, mtu wa maneno machache. Hakuwa na ardhi hata ya kuzikwa, maisha yake yote alitundika mizinga kwenye miti ya wenzake. Sihaba akamwambia kwamba anamwachia hati kwa sababu hana pengine pa kuiacha, asije akadhani ni kwa kumpenda. Chande akaipokea, akaiviringa, akaipaka nta, akaitia ndani ya mzinga wenye nyuki wakali kuliko wote.

Sihaba akavuka mto. Na toka aliposhuka ng'ambo alianza kujilaumu. Mtu asiye na ardhi umemkabidhi hati ya ardhi! Una akili, Sihaba?

Tumwache huko, turudi Magandi kidogo.

Mwaka wa pili akaja mtu kutoka milimani, jina lake Lugano, na mke wake na jembe moja. Bonde lao lilikuwa limezamishwa kwa bwawa la umeme. Kaburi la mamake liko chini ya maji, nyumba yake chini ya maji, na serikali ikampa karatasi yenye muhuri mpya: ekari nane Magandi, badala ya pale pako. Lugano akafika, akakuta kisima kimefukiwa na nyumba imeota majani ndani. Akakuta pia chungu kingali juu ya mafiga, na ndani yake ugali uliokauka ukawa jiwe. Akakaa chini mbele ya chungu kile muda mrefu. Kisha akaenda kwa Chande, akauliza ni nani aliyeondoka hajala.

Chande akamweleza. Lugano akauliza, watu wa hapa hufanyaje mtu anapolima shamba la mwingine? Chande akamweleza na hilo.

Lugano akachimbua kisima kwa mikono yake, miezi miwili. Akapanda mahindi. Mavuno ya kwanza akayatia kwenye pakacha, akampa Chande. Mke wake akamwambia ana wazimu, mtu mwenye karatasi ya serikali anapelekaje salamu ya shamba? Lugano akajibu kwamba karatasi amepewa na yule yule aliyemzamishia mamake. Mwaka wa tatu akapanda michungwa mia mbili, na Chande akatundika mizinga yake humo. Toka mwaka wa sita pakacha likawa la machungwa.

Kila Alhamisi Chande alipeleka nta na asali kwenye gulio la mpakani. Huko, mara moja kila mwaka, alimpa pakacha mchuuzi mmoja mwanamke, na yule mwanamke akaliingiza kambini, akalitua mbele ya hema la Sihaba, akasema, "Hili limetoka shambani kwako."

Sasa jiwekeni mahali pa Sihaba. Mwaka wa kwanza kambini, watu walikuwa wamegawiwa mablanketi na kutia kidole gumba. Baadaye ikajulikana kwamba karatasi waliyoitia kidole ilisema wamelipwa ardhi yao na hawadai. Blanketi moja kwa ekari kumi! Sihaba hakutia kidole, alilala na kanga mbili akitetemeka, na alipowaona wenzake wanalia alijisifu rohoni kwa ubaya wa dhana yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi anapoletewa pakacha, asimwone aliyelituma, asiletewe neno lolote zaidi ya hilo, afikirie nini?

Alifikiri hivi. Chande ameuza hati yangu. Aliyenunua anataka nile, kesho aseme nimekula bei. Au ni serikali, nayo inataka nile ili iandike kwamba nimeridhika.

Mila aliijua. Alijua maana ya kurudisha. Mara nyingine aliliinamia pakacha akanusa yale machungwa mpaka machozi yakamtoka, kwa sababu yalikuwa na harufu ya udongo wa kwao baada ya mvua, na alikuwa hajala tunda miezi. Lakini akajiambia, mila ni ya watu wanaoonana uso kwa uso, hili si pakacha, huu ni mtego. Akamwambia mchuuzi alirudishe lilikotoka. Mwaka wa kwanza akarudisha. Mwaka wa pili akarudisha. Mapakacha kumi na mawili, akarudisha kumi na mawili.

Na yalirudi kwa nani? Kwa Chande. Na Chande alifanya nini? Hakumwambia Lugano. Alikaa pembeni ya gulio, miaka ya mahindi akayachoma akala, miaka ya machungwa akayamenya moja moja, akala. Mengine akawagawia wachuuzi wenzake. Jioni akarudi Magandi, na Lugano akimuuliza kama salamu zimefika, Chande alijibu, "Zimeliwa."

Wewe unayecheka huko nyuma, ngoja kwanza.

Mwaka wa kumi na nne zikaja habari kambini. Nchi kumi za ukanda ule zilikuwa zimekaa, zikaandikiana mkataba, zikajenga na mahakama yao katika mji wa mbali. Na ndani ya mkataba mlikuwa na kifungu kifupi: kila mtu ana haki ya kuwa na mali yake, na asinyang'anywe pasipo sheria ya haki na pasipo kupewa badala. Watu kambini walikisoma kwa sauti kama dua. Sihaba alikisoma mara tatu akatafuta palipofichwa hila. Hakuipata, na hilo likamtia shaka zaidi. Lakini akaenda mahakamani.

Mwanasheria wa serikali akasimama mbele ya majaji, akasema ardhi ni jambo la ndani ya nchi, na mgeni haingilii ugomvi wa nyumba ya mtu. Majaji wakasema mlango wa nyumba hiyo mmeufungua wenyewe mlipotia saini. Kisha wakamgeukia Sihaba wakamuuliza, hati iko wapi? Sihaba akasema iliibwa na jirani yangu, anaitwa Chande, ameiuza. Karani akaandika.

Siku ya nne mlango wa mahakama ukafunguliwa, akaingia mtu mwenye jicho moja. Alikuwa Chande. Alikuwa amesikia kwa wachuuzi kwamba kesi inakuja, akatembea siku tisa, na mkono wake wa kulia ulikuwa bado umevimba kwa nyuki wa mzinga ule mpaka vidole havikunjiki. Akaiweka mezani ile hati, imegandamana na nta, nzima, herufi zote zinasomeka. Jicho lile lingine alikuwa amepigwa na askari mwaka wa Sihaba kuondoka, walipomuuliza wageni wameficha wapi karatasi zao. Alikuwa amewaonyesha mizinga, akawaambia watafute wenyewe, nao wakaondoka.

Sihaba akamtazama. Mtu mwingine angelia. Sihaba alilia pia, nisimsingizie, lakini katikati ya machozi akajiuliza kwa nini ameileta leo tu.

Majaji wakatoa hukumu. Serikali ilikosa, na jina la serikali lifutwe kwenye shamba lile. Lakini Lugano, aliyelipokea shamba kwa nia njema, naye ni mtu, naye alinyang'anywa, kifungu kinamlinda na yeye, asitupwe nje mara ya pili. Na kwa kuwa mahakama haijui desturi ya kila kijiji, mila ya Magandi yenyewe itaje mwenye shamba. Jina moja, hati moja, ndani ya miezi mitatu. Wasipopatana, shamba litabaki mikononi mwa serikali mpaka watakapopatana.

Yule mwanasheria aliyeshindwa alipoisikia sentensi ya mwisho alifunga faili lake taratibu. Sihaba alimwona, wala hakuipenda namna alivyolifunga.

Miezi mitatu ikaisha wanabishana karatasi ya nani ina nguvu, hakuna aliyetaja pakacha. Siku ya mwisho wakakusanyika kando ya kisima, watu wote wa Magandi. Gari la serikali likaja, akashuka Bwana Shauri, yule yule mrefu, sasa nywele zake nyeupe na tabasamu lake halijabadilika. Akaweka meza, akaweka karatasi yenye nafasi moja tupu, akaweka kalamu. Akasema yeye ni mtumishi tu, atangoja mpaka saa kumi, na ikifika saa kumi nafasi ile ikiwa tupu atarudi nayo mjini. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Jumbe wa kijiji, aliyeijua mila kuliko wote, na aliyekuwa ametoka kuwahoji wachuuzi wa mpakani, akauliza maswali matatu. Alimuuliza Sihaba kama ni kweli alirudisha salamu ya shamba mara kumi na mbili. Sihaba akasema kweli. Alimuuliza Lugano kama ni kweli aliipeleka salamu mara kumi na mbili. Lugano akasema kweli, na sasa ndiyo anasikia kwamba ilikuwa ikirudishwa. Alimuuliza Chande ni nani aliyeila. Chande akainamisha kichwa, akasema ni yeye.

Kwa mila ya Magandi, aliyerudisha ameacha, aliyepeleka amekiri si yake, na anayekula salamu ya shamba ndiye mwenye shamba.

Sihaba akasimama. "Mwaona?" akasema. "Nilisema toka mwanzo. Shemeji, ulinionyesha hati kwa mkono mmoja, ukala shamba langu kwa mkono wa pili. Ungeniletea neno moja tu, kwamba pakacha limetoka kwa mtu mwema, ningekula. Hili shamba ni la baba yangu. Nimefukuzwa kwa karatasi moja, nimetafuta haki kwa karatasi nyingine, nimesimama mbele ya majaji wa nchi kumi. Leo nishindwe na machungwa?"

Chande akasema, "Bi Sihaba, neno lile lingenitoa roho. Wachuuzi walipekuliwa, wakapigwa, wakatoboa kila neno walilotumwa. Ningemwambia Lugano kwamba umerudisha, angefanya nini? Mwaka wa kwanza angesikitika, wa pili angeacha kupeleka, na wa tatu ardhi ingekuwa yake kwa mila na kwa serikali. Nilikula ili salamu isife. Nimeilinda hati yako kwa jicho langu. Sikuomba shamba. Lakini kama mila ndiyo itakayosema, nami sina hata mti wa kutundikia mzinga ulio wangu, mnataka nikatae kwa lipi?"

Maneno mazuri. Lakini Sihaba alikumbuka kwamba mizinga ya Chande ilikuwa minne alipoondoka, na asubuhi ile, akipita chini ya michungwa, alikuwa amehesabu thelathini na mmoja. Fuata nyuki ule asali, sawa. Ila asali hii ilikuwa ya nani?

Lugano akasimama wa mwisho. Hakuwa msemaji. "Mama," akasema, "mimi nimezamishwa mara moja. Karatasi ninayo, na sikuitumia dhidi yako hata siku moja. Ningekaa kimya ningekuwa na shamba, lililoninyang'anya haki ni pakacha langu mwenyewe. Michungwa ile niliipanda kwa kuwa nilidhani umeridhia, nilidhani unakula. Ukinitoa, niende wapi? Nikachimbe kisima chini ya bwawa?"

Mke wa Lugano, aliyemwambia ana wazimu tangu mwaka ule wa kwanza, alijifunika uso kwa kanga.

Bwana Shauri akatazama saa yake. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini.

Hapo Lugano akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na pakacha. Lilikuwa la mwaka ule, machungwa ya kwanza, bado na majani yake. Hakumpa Chande. Akaja nalo mwenyewe, uso kwa uso, akapiga magoti, akalitua miguuni pa Sihaba. La kumi na tatu.

Jumbe akasema kwamba mila haina pakacha lililochelewa. Salamu ikipelekwa ni salamu. Akila, atakuwa mwenye shamba mbele ya watu wote, na jina lake litaandikwa. Lakini akila ajue kwamba amemkubali Lugano na mke wake na michungwa mia mbili, hatawatoa maisha, naye mwenyewe hatapata hata pa kupanda mihogo. Atakuwa na hati, kizingiti, na pakacha moja kila mwaka. Asipokula, amerudisha mara ya kumi na tatu, na mbele ya watu. Hapo shamba ni la Chande. Na ikiwa yeyote kati yao atagoma kukubali, basi ni la serikali.

Sihaba akaokota chungwa. Likawa zito mkononi, na ile harufu ikampanda, ya udongo wa kwao baada ya mvua. Alilitaka shamba hili lote, alilitaka kama alivyoliacha, na babake alizikwa hatua ishirini kutoka pale aliposimama. Akamtazama Lugano aliyepiga magoti, akajiuliza kama mtu mwenye akili anaweza kuwa mwema kiasi hicho miaka kumi na miwili bila hesabu yake moyoni. Akamtazama Chande, na jicho moja la Chande halikukwepa, lakini halikusema kitu.

Ndipo mkono mmoja ukanyooshwa mbele yake na kisu kidogo, kisafi, chenye mpini wa pembe.

"Tumia hiki, mama," akasema Bwana Shauri, kwa upole. "Umengoja siku nyingi. Menya ule."

Sihaba akakitazama kile kisu. Miaka kumi na minne mtu huyu hajampa kitu isipokuwa amri. Kwa nini leo anataka ale? Ana karatasi gani nyingine ndani ya gari lile? Au anajua tu kwamba mtu kama Sihaba akihimizwa kula, hatakula?

Saa ikawa kumi kasoro dakika tano, na kalamu iko mezani.

Mimi nimefika mwisho wa njia yangu, hapo mbele sikupita. Semeni ninyi. Yuko aliyerithi, akafukuzwa, akaishtaki serikali, lakini akairudisha haki yake mara kumi na mbili kwa mkono wake mwenyewe. Yuko aliyepanda na kuchimba, ambaye uaminifu wake ndio uliomnyima. Na yuko aliyelinda hati kwa jicho lake, akala kisichokuwa chake, na hakuna ajuaye alikula kwa nini. Je, nani alistahili jina lake liandikwe? Na wewe usiyemwamini mtu, ungekipokea kile kisu?